Rwanda: Mzazi anapoweza tena kumgongea jirani mlango usiku

Kigali. Basi likishavuka Daraja la Rusumo, dereva anahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara. Abiria waliozoea njia hii hawainui hata macho kwenye simu zao. Chini Mto Kagera unaporomoka kwa kishindo, na karibu na maporomoko hayo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana.

Wazee wa Ngara wanaukumbuka mto huu kwa mambo mengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka hapa kuingia Tanzania ndani ya saa 24 tu. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia mbele ya wapiganaji wa RPF, familia nzima zikiwa na magodoro na sufuria vichwani, na ndani ya kundi hilo hilo walikuwamo watu waliotoka kuua. Maji nayo yalikuwa yakishusha maiti hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda waliopolewa na kuzikwa kwa maelfu, na kwa muda watu wakasusa kula samaki.

Mimi sikuwapo. Nilizaliwa miaka mitatu baadaye, na Wanyarwanda wengi ninaopishana nao mitaani nao wamezaliwa baada ya mwaka ule. Naandika habari za afya, na kila nikisoma kuhusu nchi hii nakutana na sifa zile zile: jiji safi, mifuko ya plastiki marufuku tangu 2008, bodaboda mwenye kofia ngumu mbili, moja yake na moja ya abiria. Yote nimeyaona na ni kweli. Lakini nilikuja na swali dogo zaidi. Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku katika kijiji cha Rwanda, mama yake anamwendea nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mwaka 1994, kwa familia nyingi, aliyekuja kugonga mlango alikuwa jirani.

Siku mia moja

Kwa sisi tuliosikia habari hii kwa vipande vipande, tukumbushane kidogo. Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikuwa anatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa ukanda huu. Rais wa Burundi, Cyprien Ntaryamira, alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Usiku ule ule vizuizi viliwekwa barabarani, na kesho yake Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana akauawa. Kwa takriban siku 100 Watutsi waliwindwa nyumba kwa nyumba, pamoja na Wahutu walioupinga mpango huo. Umoja wa Mataifa hutaja watu wapatao 800,000. Serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni moja.

Haikuwa hasira ya usiku mmoja. Vitambulisho vyenye kabila la mtu, vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, ndivyo vilivyoulizwa kwenye vizuizi. Redio RTLM ilitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Hata hivyo, mpango huo usingefika hadi kwenye migomba ya nyuma ya nyumba bila watu wa pale pale, waliojua nani analala wapi na ana watoto wangapi.

Nimefikia Nyamirambo, mtaa wa zamani wa Waislamu wa Kigali. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapa hakikuhitaji sheria. Asubuhi kuna chapati na chai ya maziwa, na muuza vocha anakusalimia kama yuko Kariakoo. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Rwanda walikataa kuua na wakawaficha watu, na baada ya hapo Wanyarwanda wengi walisilimu kwa sababu hiyo.

Mama mwenye nyumba, ambaye tangu siku ya kwanza ananiita binti yangu, alikuwa msichana mdogo wakati huo. Haelezi mengi. Anakumbuka tu kwamba mama yake alikuwa akipika sufuria kubwa kuliko idadi ya watu wa nyumbani, na kwamba watoto walikatazwa kuuliza chakula kinachobaki kinakwenda wapi. Nilimuuliza kama watoto wake mwenyewe wanaijua habari ya ile sufuria. Alinyanyuka akaongeza mkaa.

Kanisa, shule, hospitali

Basi dogo la kwenda Nyamata linashuka kusini, linavuka Mto Nyabarongo na vinamasi vya mafunjo ambamo watu walijificha wakiwa wamezama hadi shingoni. Ni mwendo usiofika saa moja. Nyamata ya leo ni mji wa lami, maduka ya simu na hospitali ya wilaya, na huko huko Bugesera kunajengwa uwanja mpya wa ndege.

Kanisa la zamani liko nje kidogo ya pilika za soko. Mwaka 1992, Watutsi wa eneo hili waliposhambuliwa, wengi walikimbilia hapa na wakanusurika. Antonia Locatelli, mama wa Kiitaliano aliyefanya kazi Nyamata kwa miaka mingi, alipiga simu kwenye redio za nje kueleza kinachotokea. Aliuawa Machi mwaka huo, na kaburi lake liko pembeni mwa kanisa. Kwa hiyo Aprili 1994 watu walifanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya: walirudi mahali palipowaokoa mara ya kwanza, na watoto wao na mablanketi yao. Waliuawa kwa maelfu humo ndani.

Nguo zao zimelazwa juu ya mabenchi hadi mbao hazionekani. Zimeshika rangi moja ya udongo. Bati la paa lina matundu, na mwanga unaingia kwa nukta nukta. Benchi moja lilikuwa na kisweta cha kufuma, saizi ya mtoto wa pili wa dada yangu, yule anayeniita mama mdogo. Sikukaa sana baada ya kukiona.

Mwaka 2023 UNESCO iliingiza Nyamata katika urithi wa dunia pamoja na Murambi, Bisesero na Gisozi. Murambi ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa. Na hospitali hazikusalimika. Huko Butare, Aprili ile ile, zaidi ya wagonjwa na wafanyakazi 150 waliuawa katika hospitali ya chuo kikuu, ambako timu ya Madaktari Wasio na Mipaka ilikuwa ikifanya kazi. Timu hiyo ililazimika kuondoka. Wapo madaktari na wauguzi waliokufa wakiwalinda wagonjwa, na wapo waliowatoa wagonjwa wao wauawe.

Kama mwandishi wa afya, hapo ndipo niliposimama muda mrefu zaidi. Mzazi, fikiria maeneo ambako unamwacha mtoto na roho inatulia. Ni kanisani au msikitini, shuleni, hospitalini, na kwa jirani. Mauaji yale yaliingia kote huko. Barabara unaweza kuijenga upya kwa mkopo. Sasa mama aliyeponea chini ya maiti za wenzake wodini, unamwambiaje amlete mtoto achanjwe na mtu asiyemjua, aliyevaa koti jeupe?

Sanduku lenye kufuli

Takwimu zinasema alimleta. Mwaka 1994 aliyekuwa amepata kikamilifu chanjo za surua na polio alikuwa chini ya mtoto mmoja kati ya wanne. Katika utafiti wa kitaifa wa 2019/20, watoto 96 kati ya 100 wenye umri wa mwaka mmoja walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Mwaka 2000, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 walikuwa 152, mwaka 2010 walikuwa 76, na 2019/20 walikuwa 45. Nchi chache sana duniani zimeshusha vifo vya watoto kwa kasi hiyo.

Fedha za wafadhili zimechangia sana, na asikudanganye mtu kwamba ni nidhamu peke yake. Kuna vyandarua, kuna chanjo mpya. Kuna bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, iliyojaribiwa kuanzia 1999 katika wilaya tatu kisha ikaenea nchi nzima, ambayo kaya ya kipato cha chini hulipa kiasi kidogo kwa mwaka kwa kila mtu. Lakini kilichonileta Bugesera ni sanduku la mbao.

Liko chini ya kitanda cha mama mmoja wa makamo ambaye wanakijiji wenzake wamemchagua kuwa umujyanama w'ubuzima, yaani mshauri wa afya. Lina kufuli. Ndani mna dawa mseto ya malaria, vidonge vya amoksilini vya watoto, zinki na chumvi ya kuongeza maji mwilini, kipimo cha malaria cha kutoboa kidole, utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto kama ana utapiamlo, kipima muda, na daftari. Kila kijiji kina washauri wa namna hii, wanaowatibu watoto chini ya miaka mitano na kuwafuatilia wajawazito na watoto wachanga. Nchi nzima ni zaidi ya 45,000. Hawana mshahara. Wako katika vyama vya ushirika vinavyolipwa kulingana na kazi iliyofanyika, na malipo yenyewe, kwa jinsi nilivyoyaona, hayalingani na usingizi wanaoupoteza.

Neno la kushikilia hapo ni kuchaguliwa. Hawa hawakuletwa kutoka wizarani. Watu walikaa pamoja, watu ambao miaka michache kabla walikuwa wanaogopana kuchota maji kwenye bomba moja, wakajiuliza ni nani kati yetu tunaweza kumpa mtoto usiku.

Mama huyu ni manusura. Katika daftari lake mna watoto wa familia ambazo wanaume wao walifungwa kwa mauaji yaliyofanyika kwenye mlima huu huu. Nilimuuliza, kwa adabu kadiri nilivyoweza, anafanyaje mtoto wa nyumba ile akiletwa saa nane usiku. Alichukua kipima muda akanionyesha. Unamfunua mtoto kifua, unahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mwenye mwaka mmoja na zaidi, zikifika 40 au kuzidi, unaanza kushuku homa ya mapafu. Akaeleza kwamba ukikosea hesabu inabidi uanze upya, kwa hiyo ile dakika moja huwezi kufikiria kitu kingine.

Bado kazi ipo. Katika utafiti huo huo wa 2019/20, mtoto mmoja kati ya watatu chini ya miaka mitano alikuwa amedumaa. Kwa nchi inayosifiwa hivi, hiyo si namba ndogo, na mama wa sanduku anaijua kuliko mimi kwa sababu ndiye anayepima.

Wazazi wa umri mmoja

Nchi ilibaki na wajane na yatima. Uchunguzi wa UNICEF uliofanyika mwaka 1995 kwa watoto wapatao 3,000 ulikuta karibu wanane kati ya kumi wamepoteza mtu wa familia, na tisa kati ya kumi waliwahi kuamini kwamba nao wangekufa. Maelfu ya kaya ziliongozwa na watoto: msichana wa miaka 14 ndiye mama wa wadogo zake watatu.

Januari 1995 wajane 50 walianzisha chama chao, Avega Agahozo. Waligundua mapema kwamba huzuni haikuwa ugonjwa wao pekee. Ubakaji ulikuwa silaha katika siku zile 100, na chama kilipowapima wanawake waliobakwa kilikuta theluthi mbili wana virusi vya Ukimwi. Hapa Tanzania tunaingia tena katika habari hii. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, na Septemba 2, 1998 ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa kuwa sehemu ya kosa hilo. Wanawake wa Taba ndio waliosafiri kwenda kusema. Godelieve Mukasarasi, aliyewaunganisha kupitia kikundi cha SEVOTA alichokianzisha mwishoni mwa 1994, alikuwa ameuawa mume na binti yake.

Mashirika ya manusura yalilalamika kwa miaka kwamba watuhumiwa walioshikiliwa Arusha walipata dawa za kufubaza virusi, wakati mashahidi walirudi vijijini kwao bila dawa. Haki ilipatikana, na wengine hawakuishi kuifurahia. Tunapojivunia mahakama ile, na tuna sababu, hilo nalo liwemo.

Mwaka 1999 ilipitishwa sheria iliyompa binti haki sawa ya kurithi na kaka yake. Kabla ya hapo, msichana aliyebaki peke yake katika ukoo angeweza kukosa hata shamba la baba yake. Ni sheria kavu ya mirathi, lakini kwa maoni yangu ilifanya kazi ya tiba.

Lililonishangaza zaidi ni la wanafunzi. Mwaka 1996, wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare walianzisha umoja wao, AERG. Walikuwa hawana pa kwenda likizo. Wakajigawa katika familia. Kila familia ikachagua baba na mama kutoka miongoni mwao, vijana wa miaka ishirini na kitu, na wengine wakawa watoto wao. Mtindo huo ulienea hadi sekondari. Baba huyo ndiye unayemwambia umefeli mtihani, mama huyo ndiye anayekuja kukuuguza malaria bwenini. Wengine waliendelea hivyo hadi harusini: anayepokea mahari ya bibi harusi ni kijana aliyemzidi miaka miwili, na watoto wanaozaliwa wanamwita babu mtu ambaye nywele zake hazina hata mvi moja. Ukisikia hivyo Nyamirambo au Remera, usicheke.

Nyasi za uwanjani

Wauaji na walionusurika walirudi kuishi kwenye mlima mmoja. Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda waondoke kufikia Desemba 31, 1996, na karibu nusu milioni walirejea kwa mkupuo. Magereza yalijaa watuhumiwa zaidi ya 120,000. Ndipo zikaja Gacaca, mahakama za wanakijiji zilizokaa uwanjani kwenye nyasi, kama jina lenyewe linavyosema. Zilijaribiwa 2002, zikaenea nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili.

Huko baadhi ya watu waliambiwa kwa mara ya kwanza mifupa ya mama yao iko kwenye shimo lipi. Huko pia wapo waliosingiziwa kwa sababu ya mashamba, mshtakiwa hakuwa na wakili, na mauaji yaliyofanywa na askari wa RPF hayakuguswa kabisa. Hilo la mwisho watu hawalizungumzi hadharani. Ninapouliza, sauti inashuka au mada inahamia kwenye hali ya hewa. Kuna sheria kali dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, na mtu hajui mpaka wake ukoje. Na upande wa pili wa mpaka, Kongo, vita vinavyofungamana na yale ya 1994 havijaisha; ukizungumza na familia iliyotoka Goma, neno kupona linasikika tofauti. Nayaandika haya kwa sababu mzazi wa Kihutu aliyepoteza mtoto mwaka ule au baada yake naye ni mzazi, na sikuona mahali alipowekewa kiti.

Miili nayo inakumbuka. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, la mtu kuishiwa pumzi kwa hofu. Kila Aprili, wiki ya maombolezo ya Kwibuka inapoanza, watu huanguka na kupiga kelele viwanjani wakidhani wauaji wamerudi, na watu waliofunzwa huduma ya kwanza ya akili huwapokea na kuwakalisha kando. Utafiti wa afya ya akili wa 2018 ulikuta msongo wa kiwewe kwa asilimia 3.6 ya watu wote, lakini kwa manusura ni asilimia 27.9. Na wanaoanguka siku hizi hawakosi vijana ambao mwaka 1994 hawakuwa wamezaliwa. Walichokirithi ni kile ambacho nyumbani hakikusemwa.

Njia moja ya kukisema ilianza mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini, kupitia dayosisi ya Anglikana. Inaitwa sosioterapia. Watu kumi hadi kumi na watano wa kijiji kimoja, manusura na ndugu wa waliofungwa wakiwa pamoja, hukutana mara moja kwa wiki kwa saa tatu, kwa wiki 15. Wanaanza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana, heshima, na mwelekeo mpya wa maisha. Kumbukumbu zinakuja mwisho. Nilipenda mpangilio huo. Wageni wengi, sisi waandishi tukiwa mbele, tunafika na kalamu tukitaka kumbukumbu kwanza. Ndiyo maana sikwenda kwenye kile kijiji maarufu cha maridhiano ambacho mabasi ya watalii husimama, mjane na aliyemuulia mume wakasimama bega kwa bega kupigwa picha. Huenda wanapatana kweli. Lakini kusamehe mara tatu kwa wiki kwa ajili ya mgeni ni kazi ngumu.

Jioni ya familia

Shuleni, mtaala mpya ulioanza 2016 umeingiza historia ya mauaji ya kimbari katika masomo mbalimbali. Mtoto anarudi nyumbani na daftari, na swali analiuliza mezani: na sisi tulikuwa wapi? Nyumba nyingine jibu ni kaburi. Nyumba nyingine jibu ni baba, na baba yuko gerezani, na kwa miaka mingi mtoto ameambiwa yuko Uganda anafanya kazi.

Washauri niliozungumza nao wanawaambia wazazi wasisubiri swali lije na hasira. Mtoto mdogo anatosheka na jibu fupi la kweli: watu waliuawa, ilikuwa makosa, wewe sasa uko salama. Ya undani yanafuata anapokua. Wanachokataza ni uongo, kwa sababu mtoto ataujua kutoka kwa wenzake, na siku hiyo anapoteza baba mara mbili.

Swali hili lina haraka sasa. Waliohukumiwa miaka 20, 25 na 30 wanamaliza vifungo vyao na kurudi mmoja mmoja, wazee, kwa watoto wasiowajua.

Kwa ruhusa ya mkuu wa kijiji, na kwa sharti kwamba nisikitaje, nilikaa kwenye Umugoroba w'Umuryango, jioni ya familia, mkutano ambao vijiji vya Rwanda hufanya kuzungumza mambo ya nyumbani. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mparachichi. Walianza na lishe, wakaja kwa kijana aliyeacha shule, wakabishana kuhusu pombe. Kisha mama mmoja akasema mume wake anatoka mwezi ujao. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa miezi michache baada ya baba kukamatwa, sasa ni mwanamke mwenye mchumba, na bado anaamini habari ya Uganda.

Walilichukua kama walivyochukua lile la lishe, bila kupaza sauti. Nani amwambie binti? Kabla baba hajafika au akishafika? Wanaume wawili walitaka baba aseme mwenyewe. Wanawake wakakataa, wakasema mtoto asikutane na sura na habari kwa siku moja. Wakakubaliana mama aseme, Jumapili, na mama wa sanduku la dawa akae naye chumbani.

Mjane anayeishi nyumba ya tatu kutoka pale alikuwapo muda wote, anakoboa mahindi. Mwenyekiti akamgeukia na kumwita kwa heshima, akamuuliza kama ana neno. Alimaliza gunzi alilolishika. Akasema hana neno kubwa. Anaomba tu kwamba akija kumsalimia, aje mchana.